Lango Nililomjengea Nyaga

Nilipiga vigelegele vitano.

Ndugu yangu Nyaga alikuwa anasukumwa kwa mtutu wa bunduki apite chini ya lango la migomba, anazungushwa, anapitishwa tena, na mimi nimesimama kando ya njia na shanga za mama shingoni, napiga vigelegele kama mkunga aliyetoka nje kutangaza kwamba mtoto ni mwanamume. Kwetu Embu mtoto wa kiume hupigiwa vitano, wa kike vitatu. Mimi nilipiga vitano vyote, tena kwa sauti nzuri. Homgadi mmoja, askari mlinzi wa kijiji, jina lake Kibiru, alikuwa akihesabu kwa kelele, "Nne! Tano! Sita!" Nilidhani tunasherehekea pamoja. Nilidhani serikali imekuja kumpokea.

Alipopita mara ya saba, Hedimani Rumbia, mkuu wa kijiji chetu, aliwageukia wenzake akasema, "Mmejionea. Hata hakuuliza njia." Wakafungua kamba za ngozi ya mbuzi zilizoshika lango, wakamfunga nazo mikono. Nyaga alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Kenya. Alinitazama, akaona shanga, akaona mikono yangu ilivyojaa utomvu wa migomba, akaelewa kila kitu kabla yangu. Akasema, "Wawira, umejenga vizuri." Halafu wakampandisha kwenye Landrova.

Wewe wa rika langu huhitaji kuelezwa. Migomba miwili iliyoinamishwa, ngozi ya mbuzi, kupita mara saba: wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari, hicho kilikuwa kiapo cha watu wa msituni waliopigana na Wazungu, na lango la namna hiyo likionekana kwenye shamba la mtu, mtu huyo amekwisha. Lakini mimi nilikuwa mtoto. Hakuna aliyekuwa amenieleza habari za kiapo. Na lango lile nilikuwa nimelijenga mimi, kwa mikono yangu hii, kwa furaha, kwa sababu ndugu yangu alikuwa anakwenda ng'ambo kuchezea Kenya mpira wa magongo.

Nyaga tulimzika mvua za njahi, zile ndefu, zilizopita. Baada ya watu kwenda makwao nilivuta sanduku lake la mbao kutoka chini ya kitanda, nikafungua, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu ya mafuta ya mbarika. Gongo lake lilikuwa pale, limefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nilikaa sakafuni nikalishika. Nilingoja machozi yaje, na badala yake nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu, maana nilikumbuka vile mama alivyomfokea Kalasinga mbele ya watu wote wa Embu mjini. Sasa nirudi nyuma, kwa sababu nikianzia kwenye lile lango tu mtafikiri maisha yetu yalikuwa kilio. Hayakuwa. Sisi tulikuwa watu wa furaha, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Kwetu ni Kanja, upande wa juu, pale mashamba yanapoanza kunusa msitu. Baba alikufa kabla sijaujua uso wake. Tulikuwa mama, Nyaga na mimi, na kijito kilichopita chini ya shamba, na kando ya kijito palikuwa na kichaka cha miti ya mukeu, mti wa mipini na pinde, ambao ukiuvuta unakufuata bila kuvunjika. Babu yetu alikuwa fundi wa bakora za wazee, na Nyaga aliurithi ufundi huo akiwa bado hana ndevu.

Bakora ya babu haikupindwa kwa moto. Moto unaharakisha, halafu mti unakumbuka ulivyokuwa na siku ya mvua unaanza kujinyoosha. Unachagua mche ulio hai, unauinamisha pale chini karibu na shina, unavuta ncha yake hadi ardhini na kuifunga kwenye kigingi. Unaufunga kwa ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, kwa sababu kamba ya katani inakata gome, lakini ngozi ikikauka inabana polepole kama mkono wa mtu. Unauacha misimu miwili ya mvua. Ukiukata, lile goti lake la chini limenenepa likiwa limepinda, na hakuna jua wala maji yatakayolinyoosha tena.

Nyaga alipata kazi Embu mjini, kwenye kinu cha mbao cha Kalasinga mmoja, Bwana Gurdas. Alikuwa akija nyumbani kila baada ya wiki mbili. Safari moja alikuja akaketi jikoni, mama akampa uji, na badala ya kunywa akaanza kueleza kwa mikono.

"Mama, wale Wahindi kila Jumapili wanatoka uwanjani na vigongo vilivyopinda. Wana kampira kadogo, kagumu kama jiwe. Wanakakimbiza."

"Kanawatoroka?" mama akauliza.

"Wanakapiga, mama. Wengine wanapiga kuelekea huku, wengine kule."

"Wakikapata wanakafanya nini?"

"Wanakapiga tena."

Mama alinitazama. "Na hao ndio wenye duka lote la misumari," akasema.

Jumapili moja mchezaji mmoja wa timu ya Bwana Gurdas alikuwa mgonjwa. Nyaga alikuwa kando ya uwanja na bakora aliyokuwa akiipelekea mzee mmoja mjini. Alikuwa ameigeuza kichwa chini na anachezeachezea kokoto, anaipitisha kushoto, kulia, kushoto. Bwana Gurdas alimwona. Nyaga alikuwa akimwiga sauti vizuri sana: "Wewe Nyaga! Mkono yako iko mzuri! Vua viatu, ingia, simama nyuma, hapana ogopa!" Hakuwa na viatu vya kuvua. Aliingia, akasimama nyuma, na mpira haukumpita jioni ile mpaka refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Kuna sheria moja kwenye mchezo ule iliyomfaa ndugu yangu. Gongo lao lina upande mmoja bapa na mwingine wa duara, na unaruhusiwa kupiga kwa ule bapa tu. Sasa Nyaga alikuwa amejizoeza kwa bakora, ambayo ni duara pande zote, na juu ya bakora mpira hautulii, unateleza kama sabuni. Alipopewa gongo la kweli aliona kama amepewa ubao wa chapati. Walishangaa mpira unavyomtii. Walimwuliza amejifunzia wapi. Akasema, kwa babu.

Alijifunzia kwetu, na alijifunza na mimi. Hiyo ndiyo sehemu ya utoto wangu ninayoipenda kuliko zote. Chini ya migomba, pale ardhi ilipopigwa na kwato za mbuzi ikawa ngumu kama sakafu, tulikuwa na uwanja wetu. Mpira wetu ulikuwa fundo la mzizi wa mwanzi aliloshuka nalo kutoka msituni kabla serikali haijaufunga msitu, akalichonga na kulichoma kidogo kwa makaa liwe gumu. Goli lilikuwa migomba miwili. Mimi nilikuwa golikipa. Nilizuia kwa miguu, kwa kifua, siku moja kwa mdomo, na jino lililotoka siku hiyo Nyaga alilizika kwa heshima akasema ni la timu. Nilipomzuia alikuwa akipiga magoti mbele yangu, akisema, "Mama, nisamehe, sikujua wewe ni ukuta." Nilicheka mpaka nikakojoa.

Mama alikuwa akipita na kuni na kutoa maneno. "Msichana na kigongo! Huyo nani atamwoa?"

"Mwenye goli wazi," Nyaga alimjibu.

Na ile miche kando ya kijito ikabadilika kazi. Safari hii aliinamisha minane, na goti la kila mmoja alilipinda zaidi ya la bakora. Nilikuwa nikishika kigingi naye akigonga. Tulipokata wa kwanza, aliubeba hadi kwenye kinu, Bwana Gurdas akaupiga randa upande mmoja ukawa bapa, ukarudi nyumbani ukakaa juu ya dari kwenye moshi, kisha kila alipokuja niliupaka mafuta ya mbarika hadi mikono yangu inanuka shuleni. Darasa la pili ndilo nililofika, na hata huko mwalimu aliniambia niende nikae karibu na dirisha.

Siku ya mama kumfokea Kalasinga ilikuwa hivi. Bwana Gurdas alituma lori la mbao lituchukue mimi na mama twende kumwona Nyaga akicheza. Timu ngeni ilikuwa imetoka Nyeri. Tuliketi kwenye nyasi pamoja na wanawake wa Kihindi, wakatupa chapati na achari ya maembe iliyonichoma ulimi hadi masikioni. Mama hakula. Alikuwa anatazama uwanja.

"Wanatafuta nini kwenye nyasi?" akaniuliza. "Nyoka?"

"Mpira, mama. Ule pale."

"Sioni kitu."

Alikuja kuona wakati Kalasinga mmoja mkubwa wa Nyeri, mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, alipoukosa mpira na kuupata muundi wa Nyaga. Sauti ilisikika mpaka tulipoketi. Mama aliinuka. Aliingia uwanjani na leso yake na viatu mkononi, na watu wote wakasimama, refa naye akasahau kupuliza.

"Wewe! Mama yako ni nani?" alimwuliza kwa Kiembu. "Alikuzaa ili upige watoto wa watu miguu?"

Yule mtu hakuelewa hata neno, lakini mama mwenye hasira hahitaji mkalimani. Aliweka mikono pamoja kifuani, akainama, akasema, "Pole, mama. Pole sana, mama." Nyaga alikuwa amelala chini ameshika mguu, na mabega yanamtikisika kwa kucheka. Mama alirudi, akaketi, akachukua chapati. Timu yetu ilishinda, na watu wa Nyeri kabla ya kupanda gari lao walikuja mmoja mmoja kumsalimia mama kwa mikono miwili.

Hata serikali ilipotuhamishia kijijini, tutengwe na watu wa msituni, hatukuiacha furaha yetu nyuma. Nyumba zetu zilichomwa, tukapangwa kwenye mistari ya vibanda, handaki kuzunguka na miti iliyochongwa ncha ndani yake. Mchana tuliruhusiwa kwenda mashambani kwetu kwa saa zilizowekwa. Mimi nilikimbilia kichakani kuangalia miche. Niliishika mmoja mmoja kama mtu anayesalimia ng'ombe.

Mtu mwingine aliyekuwa akiijua miche ile ni Rumbia. Rumbia wa Kithaka, ndiye aliyekuwa hedimani wetu, bado kijana, koti la kaki, sauti ya kukwaruza. Alitaka bakora ya cheo chake, na Nyaga akamtengea mche mmoja. Alikuja mara mbili kuuona. Nilikuwepo. Mara ya pili aliinama akaubonyeza ule ukanda wa ngozi kwa kidole.

"Hii ngozi haiozi?"

"Ikioza tunabadilisha, mzee," Nyaga akamwambia.

"Na hii mingine yote ni bakora za nani?"

"Hiyo ni magongo ya mpira."

"Ya wale Wahindi wako?" Akacheka. "Fanya yangu ipinde vizuri kuliko ya kwao." Na bakora yake aliipata. Anayo mpaka leo. Goti lake halijanyooka.

Huyo Rumbia ndiye pia aliyetufundisha kujenga lango. D.O., Mzungu mkuu wa serikali upande wetu, alipokuwa anakuja kutazama shule, sisi watoto tulitolewa darasani, wengine tukakate migomba, wengine maua. Rumbia alisimama barabarani akituelekeza kwa ile bakora. "Mgomba mmoja huku, mwingine huku. Inamisha! Vichwa vikutane juu. Funga! Mgeni mkubwa hapiti kando, anapita katikati." Yule Mzungu alipita katikati, tukapiga makofi. Mimi niliona hakuna heshima kubwa duniani kuliko hiyo.

Basi Nyaga akachaguliwa kuchezea Kenya. Wageni kutoka ng'ambo walikuja kucheza Nairobi, na Bwana Gurdas alimtafutia ndugu yangu pasi ya kuingia mji ule, ambao watu wa Embu walikuwa wamekatazwa. Aliingizwa uwanjani mchezo ukiwa katikati, mwenzake alipoumia. Alituletea jezi nyekundu ndani ya gazeti. Mama aliinusa kwanza.

"Ulishinda?"

"Tulifungwa, mama. Moja bila."

"Ni wewe uliyefungwa?"

"Walitufunga kabla sijaingia."

"Basi wewe ulishinda," mama akasema, akaikunja.

Rumbia naye alikuja kuiona. Alikishika kitambaa kati ya vidole viwili kama mtu anayenunua. Hakusema kitu, na mimi niliona ni kwa heshima.

Halafu ikaja barua. Timu inakwenda ng'ambo kwa meli, na jina la Nyaga limo. Bwana Gurdas mwenyewe alikuja na lori hadi kwenye lango la kijiji kumwambia mama, na mama akampa mayai ndani ya kikapu, naye akayapokea kwa mikono miwili kama amepewa ng'ombe. Kilichobaki ni kitu kimoja. Mtu wa Embu hangeweza kusafiri bila cheti cha kuonyesha kwamba ni mwaminifu kwa serikali, na cheti hicho kilitokana na neno la hedimani. Rumbia akasema Nyaga aje Jumapili akichukue.

Jumamosi nilikwenda kichakani. Fuko alikuwa amechimba chini ya kigingi kimoja, kikang'oka, na mche uliokuwa umebakiza msimu mmoja ulikuwa unaanza kuinuka. Nilijaribu kugonga kigingi, sikuwa na nguvu. Nilijaribu kuukalia mche, ukaniinua. Sasa mche huu ulikuwa upande mmoja wa njia, na upande wa pili palikuwa na mwingine, nao umeinama. Nikaufungua ule wa pili, nikazivuta ncha zao zikakutana juu ya njia, nikazifunga kwa ukanda wa ngozi. Wote wawili wakatulia. Nilirudi nyuma kutazama kazi yangu, na moyo ukaruka. Lilikuwa lango! Na hiyo ndiyo njia ambayo Nyaga angepita kesho yake akitoka barabarani.

Nilikata migomba miwili ya kwetu, ile iliyokuwa goli letu, kwa sababu niliona anayekwenda ng'ambo hatalihitaji tena. Nilikuwa naiinamisha, nimetota jasho, Rumbia alipotokea njiani peke yake na bakora yake.

"Unajenga nini, mama?" Alisema mama, vile mzee anavyomwita mtoto mdogo kwa upole.

"Lango la Nyaga. Kama lile la D.O."

Alilitazama kwa muda. Alitazama miche, ngozi, migomba. Kisha akainua bakora akagusa pale juu.

"Hapa pamelegea. Ongeza ukanda mmoja."

"Sina mwingine, mzee."

"Fungua ule pale," akanionyesha mche wa tatu. Nikaufungua. Nilikuwa mfupi. Yeye alivuta vichwa vya migomba chini, akavishika, nami nikafunga. "Sasa liko sawa," akasema, akaendelea na njia yake. Nilimpenda siku hiyo. Niliwaza, kumbe mtu huyu ni mwema hivi.

Kesho yake ndiyo niliyoanza nayo.

Jumatatu nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwambia, "Mzee, waambie ni mimi niliyejenga. Wewe uliniona." Mke wake alikuwa anapura maharagwe, akaacha kupura. Rumbia aliingia ndani akatoka na kipande cha sukari guru, akakiweka mkononi mwangu. "Wewe ni mtoto," akasema. "Watoto husahau." Nilikula. Wacha niseme yote: niliila njiani na ikaisha kabla sijafika nyumbani, na ilikuwa tamu.

Mama nilimweleza. Alikwenda kwa D.O. mara mbili. Mara ya kwanza hakuingizwa, mara ya pili Kibiru ndiye aliyekuwa akitafsiri maneno yake, na akatafsiri alivyotaka. Mimi kwa miaka mingi niliamini kosa letu ni kwamba malango ni ya Wazungu peke yao, na kwamba nilimfunga ndugu yangu kwa kumpa heshima isiyo yake. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili ndipo shangazi mmoja akanieleza habari za migomba na mara saba. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikaenda nikasimama kando ya kijito. Kichaka hakikuwepo. Nyaga alipokuwa kambini, kizuizini, mashamba yalipimwa na kuunganishwa upya, na sauti ya mjane haikusikika kwenye kamati ya kuyagawa. Aliyekaa kwenye kamati ni Rumbia. Upande wetu wa kijito ukawa wake. Aling'oa mikeu akapanda chai.

Timu ilikwenda. Bwana Gurdas alimpa mchezaji mmoja gongo la Nyaga alibebe, akacheza nalo huko, akalirudisha likiwa na alama za nyasi za nchi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyeiona. Gongo lilifika. Nyaga aliporudi kutoka kambini alikuwa amevunjwa goti, na goti la mtu, tofauti na la mti, likipindwa kwa lazima halifai kitu. Alilipokea gongo, akanusa, akaniuliza kama nililipaka mafuta. Nikamwambia nililipaka kila mwezi. Alirudi kwenye kinu, na Jumapili aliwafundisha vijana akiwa ameketi juu ya debe, na alicheka sana katika maisha yake. Nawaapia alicheka. Nilipomweleza habari ya Rumbia na ule ukanda wa tatu alisema, "Wawira, tunachota maji kijito kimoja. Niache nizeeke." Nikamwacha azeeke. Alizeeka upesi.

Sasa amekwenda, na ahadi yangu imekwenda naye. Na ningeendelea kunyamaza, kama si mazishi. Mzee aliyesimama kwanza kuzungumza alikuwa Rumbia wa Kithaka, ameegemea ile bakora. Alisema, "Huyu alikuwa kijana wetu. Alichezea Kenya. Sisi wa Kanja tulijivuna naye." Watu wakapiga makofi. Kibiru aliketi nyuma yake, naye akapiga.

Rumbia, sikutafuti mahakamani, na chai yako siitaki. Uko hai, unasikia vizuri, na Jumapili huwa unaketi kiti cha mbele. Simama pale pale, mbele ya watu wale wale, uwaambie ni nani aliyevivuta vichwa vya migomba chini nilipokuwa mfupi. Waambie ulipomwonyesha mtoto ule ukanda wa tatu ulikuwa tayari umejua nani atafungwa nao kesho yake. Kisha waambie kwa nini. Mimi yangu nimeisema yote, hata ile sukari. Watoto hawakusahau, mzee. Jibu.